Saba mara nane bila kalkuleta

Ukurasa huu hujibu maswali ya wasomaji kuhusu masomo ya shule. Safari hii tumekusanya yanayohusu kikokotoo, au kalkuleta kama wengi mnavyoiita, kutoka kwa wasomaji wa Mtwara na Lindi. Barua tumezifupisha na majina tumeyaacha.

SWALI: Habari za kazi. Kijana wangu yuko kidato cha pili hapa Masasi. Darasa la saba Hisabati alifaulu vizuri tu. Alipoingia sekondari baba yake akamnunulia kalkuleta, na sasa hata saba mara nane anabonyeza. Nikimnyang'anya ananuna na kazi haifanyiki. Nimwache kwa kuwa dunia ya sasa ni ya mashine, au niichome moto? (Mama wa Masasi)

JIBU: Mama, usiichome, na usimwache.

Tuanze na lile lisilo na mjadala. Kwenye mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne, maelekezo ya Baraza la Mitihani yanasema wazi kwamba vikokotoo na simu haviingii chumbani. Kinachoruhusiwa ni kitabu cha majedwali ya hisabati. Kwa muundo uliotumika miaka ya karibuni, karatasi ina maswali 14 ya saa 3: kumi ya alama 6 na manne ya alama 10. Gawanya dakika 180 kwa alama 100, utaona kila alama ina chini kidogo ya dakika mbili. Swali la alama 6 lina dakika 11 hivi, pamoja na kulisoma, kulielewa na kuandika njia. Mtoto aliyezoea kubonyeza anafika hapo na kukuta 17 × 24 ndani ya swali. Anajaza ukingo wa karatasi kwa kujumlisha 17 tena na tena, na dakika tatu zinakwenda kwenye kitu ambacho hata si swali lenyewe.

Lakini tuseme mtihani ungeruhusu. Bado lipo tatizo kubwa zaidi, nalo ndilo wazazi wengi hawalioni: kalkuleta ya kawaida inajua kwenda, haijui kurudi. Ukiiuliza 7 × 8 inakwambia 56 papo hapo. Hesabu za sekondari, hasa aljebra, zinauliza kinyume chake: 56 ni ngapi mara ngapi? Mwanao akipewa x² + 15x + 56 atafute vipande vyake, anatakiwa kuona namba mbili ambazo zikizidishwa zinatoa 56 na zikijumlishwa zinatoa 15. Mwenye tebo kichwani anaona 7 na 8 kabla hajashika kalamu. Asiye nayo atajaribu 2 na 28, kisha 4 na 14, akikata tamaa ataandika chochote. Ni hivyo hivyo kwa kurahisisha 42/56 hadi 3/4, au kuandika kipeuo cha pili cha 72 kama 6√2. Hakuna kitufe cha kubonyeza hapo, kuna kukumbuka tu kwamba 42 na 56 zote ni za tebo ya 7, na kwamba 72 ni 36 mara 2.

Kalkuleta yenyewe haina sumu. Mwaka 1986 watafiti wawili wa Marekani, Ray Hembree na Donald Dessart, walikusanya matokeo ya tafiti 79 kuhusu vikokotoo shuleni. Waliona kwamba kwa jumla wanafunzi waliovitumia sambamba na mafundisho ya kawaida hawakupoteza uwezo wa kukokotoa kwa kalamu, na wengi waliongezeka. Dosari iliyojitokeza ilikuwa kwa watoto wa darasa la nne la huko, umri ambao misingi ndiyo kwanza inashika. Kwa hiyo kinachotakiwa kujulikana ni kama mwanao ameishika misingi na anavivuta vitufe kwa uvivu, au misingi ina tundu na kalkuleta inaliziba.

Hilo unaweza kulipima mwenyewe jioni moja, mezani, bila kuwa mwalimu. Mwandikie hesabu hizi tano, mwambie afanye bila kalkuleta, nawe mtazame mikono kuliko majibu:

13 − 8
7 × 8
3/4 + 2/5
0.3 × 0.2
−6 − (−9)

Majibu ni 5, 56, 23/20, 0.06 na 3. Ya kwanza akiihesabu kwa vidole, tundu liko chini sana na tebo isubiri: afundishwe kwanza kupitia kumi, yaani kutoka 8 kwenda 10 ni 2, kutoka 10 kwenda 13 ni 3, jumla 5. Akikwama ya pili tu, furahi, maana hilo ni tatizo jepesi kuliko yote. Kwenye ya tatu, akiandika 5/9 amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Hajui kwamba lazima asili zifanane kwanza, na hapa ni 20. Ya nne akijibu 0.6, thamani ya nafasi za desimali haijakaa. Ya tano akileta −15, alama za kutoa zinamchanganya. Kila tundu lina dawa yake, na usimpe dawa ya tebo mtoto mwenye ugonjwa wa sehemu.

Kama shida ni tebo, kazi yenyewe ni ndogo kuliko inavyoonekana ubaoni. Kati ya 2 na 9 kuna mazao 36 tu yasiyojirudia, kwa sababu 7 × 8 na 8 × 7 ni kitu kimoja. Ondoa tebo ya 2, ambayo ni kujumlisha namba kwa yenyewe. Ondoa tebo ya 5, ambayo ni nusu ya tebo ya kumi: 5 × 8 ni nusu ya 80. Ondoa tebo ya 9, ambayo ni tebo ya kumi ukitoa namba yenyewe: 9 × 7 ni 70 − 7, yaani 63. Yanabaki 15: 3×3, 3×4, 3×6, 3×7, 3×8, 4×4, 4×6, 4×7, 4×8, 6×6, 6×7, 6×8, 7×7, 7×8 na 8×8. Hayo tu ndiyo ya kukariri.

Kata boksi tupu vipande 15 vya ukubwa wa karata. Mbele andika hesabu, kama 7 × 8, nyuma andika jibu. Anza na vitatu kwa siku. Muulize kwa kuvichanganya, kamwe si kwa mfuatano, maana mtoto anayeimba tebo kuanzia mwanzo hadi afike 7 × 8 hajaijua, ameimba. Akijibu ndani ya sekunde tatu, karata inahamia fungu la kurudiwa baada ya siku tatu. Akichelewa au akikosea, inabaki fungu la kesho. Baada ya wiki, geuza karata: mwoneshe 56, aseme 7 na 8. Huko kurudi nyuma ndiko kutakakomsaidia kwenye aljebra, na ndiko watu wengi wanakokusahau. Dakika kumi kila siku zinatosha. Saa nzima siku ya Jumamosi haifanyi kazi hiyo hiyo, kwa kuwa kumbukumbu inashika kwa kukumbushwa mara nyingi kwa vipande vidogo.

Na kalkuleta je? Iache nyumbani, ila iwe na sheria: kabla ya kubonyeza, anaandika kwa kalamu makadirio yake. Kwa 38 × 52 anaandika "kama 2,000", kwa sababu 40 × 50 ni 2,000. Halafu anabonyeza, anapata 1,976, anaona vinakaribiana. Asiye na makadirio kwenye daftari hana ruhusa ya kubonyeza. Sheria hii inapunguza ubonyezaji yenyewe bila ugomvi, kwa sababu hesabu ndogo kama 7 × 8 kuikadiria ni kazi kubwa kuliko kuijibu.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha nne Nachingwea. Nikibonyeza logi ya 0.0562 kwenye kalkuleta ya kaka napata −1.2503. Kwenye kitabu cha majedwali naona 7497, na mwalimu anaandika 2 yenye mstari juu, nukta, 7497. Ipi sahihi? Nimeshazoea kalkuleta, majedwali yananichosha.

JIBU: Marahaba mwanangu. Zote ni namba moja. Ile 2 yenye mstari juu, inayosomwa "ba mbili", maana yake ni kwamba 2 peke yake ndiyo hasi, lakini 0.7497 inayofuata ni chanya. Fanya −2 + 0.7497 utapata −1.2503 ya kalkuleta. Majedwali yanaandika hivyo kwa sababu hayana logi hasi ndani yake. Yana sehemu ya desimali tu, nayo lazima iwe chanya.

Hapo ndipo waliozoea kalkuleta wanapoanguka. Mwanafunzi anabeba −1.2503 kama ilivyo, anaingia nayo kwenye jedwali la kinyume cha logi, anatafuta .2503, anapata 1779, anaandika 0.1779. Jibu limekuwa zaidi ya mara tatu ya 0.0562 aliyoanza nayo. Ukikutana na logi hasi ya kalkuleta, ongeza namba nzima ya kutosha kuifanya chanya, hapa 2: 2 − 1.2503 = 0.7497. Ile 2 uliyoongeza ndiyo inapanda juu yenye mstari.

Sasa fanya nasi 34.7 × 0.0562 kwa majedwali peke yake.

Kwa 34.7, iandike 3.47 × 10¹, kwa hiyo namba ya mbele ni 1. Shuka kwenye mstari wa 34, nenda kulia hadi safu ya 7: 5403. Logi ni 1.5403. (Ingekuwa 34.76, ungeendelea kulia hadi safu ndogo za tofauti, chini ya 6, ukakuta 8, ukajumlisha: 5411. Ile 8 inaongezwa kwenye tarakimu ya mwisho; wengine wanaiandika mbele na kuharibu kila kitu.)

Kwa 0.0562, iandike 5.62 × 10⁻², namba ya mbele ni ba 2. Mstari wa 56, safu ya 2: 7497.

Jumlisha kuanzia kulia: .5403 + .7497 = 1.2900. Ile 1 inabebwa. Mbele una 1, ba 2, na 1 uliyobeba: 1 − 2 + 1 = 0. Jumla ni 0.2900. Ingia jedwali la kinyume cha logi, mstari wa .29, safu ya 0: 1950. Namba ya mbele ni 0, kwa hiyo jibu ni 1.950. Makadirio? 35 × 0.06 ni 2.1. Sawa.

Kugawanya ndiko kugumu. 34.7 ÷ 0.0562 ni 1.5403 toa ba 2.7497. Desimali .5403 haitoshi kutoa .7497, unakopa 1 kutoka mbele: 1.5403 − .7497 = .7906. Mbele palikuwa na 1, umekopa, pamebaki 0. Toa ba 2, na kutoa hasi ni kujumlisha, unapata 2. Logi ni 2.7906, jibu ni 617.5. Kalkuleta inasema 617.4. Usiogope tofauti hiyo. Majedwali yana tarakimu nne, na ya nne huwa inayumba.

Kosa la kukopa ndilo tunaloliona kuliko yote, na haliondoki kwa kusoma. Linaondoka kwa kufanya mazao na migawo mitano kila siku hadi mkono uzoee. Kalkuleta ya kaka yako itumie mwisho kabisa, kuhakiki. Usiibonyeze logi, bonyeza swali zima, ulinganishe jibu.

SWALI: Mimi ni mkulima wa korosho, Tandahimba. Kijana wangu wa kidato cha kwanza ndiye ananipigia hesabu ya malipo kwa simu. Kilo 1,348, bei tuseme 3,270 kwa kilo. Akaniambia laki nne na elfu arobaini. Nilijua si kweli lakini sikuweza kumwonesha. Na makato ya kila kilo yanaingizwaje?

JIBU: Mzee wetu, ulivyojua si kweli ndivyo anavyopaswa kujua yeye. Kilo elfu moja kwa shilingi elfu tatu tayari ni milioni tatu. Kilo zimezidi elfu, bei imezidi elfu tatu, kwa hiyo jibu lolote chini ya milioni tatu ni la kutupa. Alichofanya ni kuandika 327 badala ya 3270: sifuri moja imedondoka, na akapata 440,796. Jibu la haki ni 4,407,960. Vitufe vya simu ni vidogo na kidole hakisikii kimegusa mara ngapi. Mfundishe kusoma namba aliyoingiza kabla ya kugusa alama ya kuzidisha.

Kuhusu makato, tuseme ni shilingi 230 kwa kilo. Hapa kuna mitego miwili.

Wa kwanza ni kuzidisha halafu kutoa 230 mwishoni: 4,407,960 − 230 = 4,407,730. Hapo umekata makato ya kilo moja, si ya kilo 1,348. Ukiipokea hesabu hiyo, utakwenda kugombana na karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) bila sababu.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu unatokana na mashine. Mtoto akibonyeza 3270 − 230 × 1348 mfululizo, kalkuleta ndogo ya dukani inafanya kwa mpangilio wa kubonyeza: inatoa kwanza, inapata 3,040, kisha inazidisha na kuleta 4,097,920. Hiyo ndiyo sahihi. Vitufe hivyo hivyo kwenye simu nyingi, au kwenye kalkuleta ya sayansi, vinaleta −306,770, kwa kuwa hizo zinazidisha kabla ya kutoa. Zote mbili zimefuata walichozifundisha watengenezaji wake. Mkosaji ni aliyebonyeza bila kujua ameshika ya aina gani. Kuijua ni rahisi: bonyeza 2 + 3 × 4 kisha alama ya sawasawa. Ikileta 14, inafuata kanuni. Ikileta 20, inafuata kidole.

Njia salama kwa mashine yoyote ni kutoa kwanza na kubonyeza sawasawa: 3270 − 230 = 3040. Andika. Kisha 3040 × 1348 = 4,097,920. Makadirio yake ni elfu tatu kwa 1,350, karibu milioni nne na elfu hamsini. Vinakubaliana.

SWALI: Nina duka Mtwara mjini. Bei yenye VAT ni 59,000, nataka bei kabla ya kodi. Nabonyeza 59,000 toa asilimia 18, napata 48,380. Mhasibu anasema ni 50,000.

JIBU: Mhasibu yuko sahihi, dada. Ile asilimia 18 ilipigwa kwenye bei ndogo, na wewe unaitoa kwenye bei kubwa. Gawanya 59,000 kwa 1.18, utapata 50,000. Kwa kuongeza kodi, zidisha kwa 1.18. Kitufe cha % kiache, hasa penye kuongeza na kupunguza, kwa kuwa mashine za makampuni tofauti hukifanyia kazi kwa namna tofauti.

SWALI: Ninafundisha Hisabati sekondari moja wilayani Newala. Darasa limejaa, wengine wana kalkuleta, wengine simu nyumbani, wengine hawana kitu. Nizipige marufuku zote? Na kuna wanaokosa hata mpangilio wa MAGAZIJUTO, ule wa tendo lipi la hesabu litangulie.

JIBU: Mwalimu mwenzetu, marufuku ya darasani ni sawa kwa mada ambazo ukokotoaji ndio somo lenyewe: sehemu, desimali, logi, vipeuo. Kwenye takwimu au hesabu za riba, ambako wazo ndilo somo na namba zimejaa, ruhusu kalkuleta chache zipite kwa makundi. Ukifanya hivyo, asiye nayo haachwi nyuma.

Jaribio la wiki lifanye la raundi mbili. Maswali ni yale yale. Raundi ya kwanza kwa kalamu, unakusanya. Raundi ya pili kwa kalkuleta ya kundi. Mwanafunzi mwenye 9 raundi ya pili na 3 ya kwanza anajua njia lakini hana misingi, mpe karata za tebo. Mwenye 3 mara zote mbili hakuelewa somo, na kalkuleta wala tebo hazitamsaidia, mrudie. Jaribio la raundi moja halikuoneshi tofauti hiyo.

Kuna zoezi la kalkuleta linalofundisha zaidi ya kurasa nyingi za kuzidisha: waambie kitufe cha 8 kimeharibika, watafute 48 × 25. Mmoja atafanya 24 × 50. Mwingine 47 × 25 kisha aongeze 25. Mwingine 50 × 25 atoe 50. Wote wanafika 1,200, na kila njia ukiiandika ubaoni ni somo la namba zinavyovunjika na kuungana. Hata asiye na kalkuleta anaweza kulifanya.

Kwa MAGAZIJUTO kuna jambo tunalotaka walimu walisisitize, kwa sababu neno lenyewe, kama linavyokaririwa, linapotosha. Wanafunzi wanalisoma kama amri ya herufi: Mabano, kisha Gawanya, kisha Zidisha, kisha Jumlisha, kisha Toa. Wape 10 − 4 + 3. Anayefuata herufi anajumlisha kwanza 4 na 3, anapata 7, anatoa, jibu 3. Jibu sahihi ni 9. Kugawanya na kuzidisha vina cheo kimoja, kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja. Penye cheo kimoja unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia. Vivyo hivyo 24 ÷ 4 × 2 ni 12, si 3. Wengi wa wale unaodhani hawajakariri, Mwalimu, wamekariri barabara. Walichokosa ni sentensi hii ya pili.

Wafundishe pia kuhakiki jibu la kuzidisha kwa tisa, maana mtihanini hawatakuwa na mashine. 347 × 286 = 99,242 ni kweli? Jumlisha tarakimu hadi ibaki moja: 347 inatoa 14, kisha 5. 286 inatoa 16, kisha 7. 5 × 7 ni 35, inatoa 8. Jibu 99,242 linatoa 26, kisha 8. Zimelingana. Zisipolingana, kuna kosa kwa hakika. Zikilingana, bado inawezekana tarakimu zimepishana, kwa mfano 99,422 nayo inatoa 8. Kwa hiyo makadirio hayaachwi.

SWALI: Mdogo wangu, Lindi mjini, anapiga picha swali la homuweki na programu ya simu inamwandikia hatua zote. Anasema anajifunza kwa kuzisoma. Ni kweli?

JIBU: Inaweza kuwa kweli, na kuipima ni rahisi. Afunge simu, kesho yake afanye swali lile lile kwenye ukurasa mweupe, kisha jingine la aina hiyo lenye namba tofauti. Akifika mwisho, amejifunza. Akikwama hatua ya pili, alichokifanya jana ni kunakili.

SWALI: Shikamooni. Nimemaliza kidato cha nne Kilwa, nasubiri kwenda kidato cha tano mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Ninunue kalkuleta gani, na nijifunze nini kabla ya kuripoti?

JIBU: Marahaba. Huko mambo yanageuka: kwenye mtihani wa Hisabati ya juu wa kidato cha sita, kikokotoo cha sayansi kisichopangwa programu kinaruhusiwa, na swali la kwanza la karatasi ya kwanza kwa kawaida linapima matumizi yake. Fizikia na Kemia nako utakihitaji. Kwa hiyo uvivu wa kukijua ni hasara kama ulivyo uvivu wa tebo.

Aina zinazotumika sana ni Casio fx-991MS na fx-991ES. Za kuiga zimejaa sokoni, basi ijaribu mbele ya muuzaji. 2 + 3 × 4 ilete 14. Bonyeza −3² bila mabano, ilete −9, na (−3)² ilete 9. Tofauti hiyo uielewe, maana itakuja kukugharimu kwenye milinganyo ya kipeo cha pili. 69! ilete 1.711224524 × 10⁹⁸, na 70! ikatae kwa kuandika ujumbe wa ERROR. Isiyokataa usiinunue.

Ukiwa nyumbani jifunze mambo matatu. Kutumia mabano: 12 ÷ (2 + 4) ni 2, bila mabano ni 10. Kuhifadhi jibu kwenye kumbukumbu badala ya kuliandika likiwa limekatwa, kwa sababu 2/3 ya 12 ni 8, lakini 0.67 × 12 ni 8.04, na kosa hilo linakua kila hatua. Na kurudisha mashine kwenye hali yake ya kiwandani pale mtu alipoiazima akaichezea: kwenye ES ni SHIFT, 9, 3, alama ya sawasawa, AC.

Kisha kila unapoingia chumba cha mtihani, kabla hujafungua karatasi, bonyeza sin 30. Ikileta 0.5, iko kwenye digrii. Ikileta −0.988 iko kwenye radiani, ikileta 0.454 iko kwenye gradi. Kwenye ES unairudisha digrii kwa SHIFT, MODE, 3. Kwenye MS unabonyeza MODE mara kadhaa hadi yatokee Deg, Rad na Gra, unachagua 1. Swali likitaka radiani, badilisha, fanya, halafu irudishe digrii kabla ya kugusa swali linalofuata.